Diski ya Nje kwa Kompyuta Mpakato ya Zamani: Tathmini Iliyofanyika kwa ThinkPad T420

Kompyuta mpakato ninayoitumia ni Lenovo ThinkPad T420, toleo la mwaka 2011, niliyoinunua ikiwa imekwisha kutumika na ambayo mpaka leo haijanipa sababu ya kuachana nayo. Kibodi yake inanipendeza kuliko ya kompyuta nyingi mpya nilizozigusa, betri huchomolewa bila kufungua skrubu hata moja, na mafundi wa hapa Tanga wanaijua ndani na nje. Kilichoishinda ni nafasi. Diski yake ya ndani ilikuwa ya gigabaiti 320, na miaka ya mitihani ya Jiografia, ramani nilizozipiga picha, video za mahafali na picha za harusi za ukoo mzima viliijaza hadi zikabaki gigabaiti 11. Ndipo nilipoanza kutafuta diski ya nje, ile ambayo madukani huitwa eksteno bila jina la pili.

Niliingia katika maduka matano, mawili ya hapa Tanga na matatu ya Kariakoo, na katika yote nilipokelewa kwa swali lilelile: "Unataka tera ngapi, bosi?" Hakuna muuzaji aliyeniuliza kompyuta yangu ni ya mwaka gani wala ina tundu gani la USB. Baada ya kutumia diski tatu tofauti kwa miezi kadhaa, moja niliyoinunua, moja niliyoiazima na moja niliyoitoa ndani ya kompyuta yenyewe, nimeona kwamba kwa mwenye mashine ya zamani wingi wa terabaiti ni jambo la mwisho kuamuliwa. Linalotangulia ni tundu: linapitisha data kwa kasi gani, na linatoa umeme kiasi gani.

Kasi inaelezeka upesi. T420 ina matundu manne ya USB, na yote ni ya toleo la 2.0, lililotoka mwaka 2000. Moja lina rangi ya njano, nalo huwadanganya wengi, maana rangi hiyo haina uhusiano na kasi. Inaonyesha tu kwamba tundu hilo linaweza kuchaji simu hata kompyuta ikiwa imezimwa. Matundu ya USB 3.0, toleo lililotangazwa mwaka 2008, mara nyingi huwa na plastiki ya bluu ndani au alama ya herufi SS pembeni, ingawa watengenezaji wengine hawafuati desturi hiyo. Kwa maandishi, USB 2.0 inapitisha megabiti 480 kwa sekunde, ambazo ukizigawanya kwa nane unapata megabaiti 60. Kwa vitendo, sehemu kubwa ya nafasi hiyo huliwa na mawasiliano ya vifaa vyenyewe, na kinachobaki ni kati ya megabaiti 30 na 40. USB 3.0 ina gigabiti 5 kwa sekunde, yaani zaidi ya mara kumi, na hapo kinachopunguza mwendo huwa ni diski, wala si tundu.

Nilijaribu kwa folda moja ya gigabaiti 240, yenye picha na video kwa wingi. Diski niliyoinunua, WD Elements ya terabaiti 1, ilipokea folda hiyo kutoka kwa T420 kwa wastani wa megabaiti 34 kwa sekunde, ikamaliza kwa muda uliokaribia sana saa mbili. Diski ileile, ikiwa imechomekwa kwenye kompyuta mpya ya mwalimu mwenzangu yenye USB 3.0, ilifanya kazi hiyo kwa dakika 35. Kisha nikaazima kwa mpwa wangu, ambaye huhariri video, diski yake ya Samsung T7, ambayo mtengenezaji anaitangaza kuwa inafika megabaiti 1,050 kwa sekunde. Kwenye T420 yangu haikuvuka megabaiti 38. Mpwa wangu alicheka, akasema, "Mjomba, hiyo ni kupitisha lori kwenye kichochoro." Alikuwa na haki ya kucheka, kwa sababu diski ile ilimgharimu zaidi ya mara mbili ya niliyolipa mimi, na katika matumizi yangu fedha hiyo ya ziada ingeniokolea dakika kama kumi na mbili tu kwa kila gigabaiti 240.

Hilo lisieleweke kwamba diski ya USB 3.0 haifai kwenye kompyuta ya zamani. Inafaa kabisa, kwa kuwa matoleo haya yanaelewana, la juu likishuka kulifuata la chini. Na kwa kuwa siku hizi si rahisi kupata diski mpya ya USB 2.0, utanunua ya 3.0 utake usitake. Kitu cha kuepuka ni kulipia kasi ambayo tundu lako haliwezi kuipitisha, isipokuwa kama una mpango wa kubadilisha kompyuta karibuni.

Umeme ndio ulionisumbua, na ndio ambao maboksi ya diski huuzungumzia kwa maandishi madogo kuliko yote. Diski ndogo ya kuzunguka, ile ya inchi 2.5, haina waya wa kwenda ukutani. Hula umeme wa kompyuta kupitia waya uleule wa data. Tundu la USB 2.0 linaruhusiwa na viwango kutoa miliampea 500 kwa volti 5, yaani wati 2.5. Tundu la USB 3.0 linatoa miliampea 900. Sasa, ndani ya diski ya kuzunguka mna sahani zinazopaswa kusukumwa kutoka kusimama kabisa hadi mizunguko 5,400 kwa dakika, na katika sekunde zile chache za kuanza injini yake huhitaji umeme mwingi kuliko wakati wowote mwingine, kwa baadhi ya diski hata kukaribia ampea nzima. Ikishapata mwendo, hutulia na kula kidogo. Kwa hiyo diski hukwama mwanzoni kabisa, au isikwame tena.

Usiku wa kwanza nilipoichomeka Elements yangu, taa yake iliwaka, ikasikika sauti ya tik, tik, kisha kimya, kisha tik nyingine. Kwenye skrini halikutokea jambo lolote. Mtu yeyote aliyewahi kupoteza diski anaijua sauti hiyo, na mimi nilikwisha kuanza kutafuta risiti. Asubuhi nilimpelekea fundi, ambaye hakuigusa hata kidogo, aliutazama tu waya niliokuja nao, akasema, "Mwalimu, diski yako haijafa. Ina njaa."

Kosa lilikuwa langu. Kwa kuwa waya unaokuja na diski hizi ni mfupi, haufiki nusu mita, nilikuwa nimeuongezea waya wa kurefusha wa mita moja na nusu nilioununua kwa bei ya maandazi. Nyaya za namna hiyo huwa na shaba nyembamba ndani, na umeme uliotoka kwenye tundu ukiwa volti 5 hufika kwenye diski ukiwa umepungua. Zaidi ya hayo, tundu nililokuwa nikilitumia lilikuwa limelegea kwa miaka mingi ya kuchomekwa flashi za wanafunzi. Fundi aliutoa waya wa kurefusha, akaichomeka diski moja kwa moja kwenye tundu la nyuma, nayo ikazunguka mara moja na kufunguka.

Baadhi ya kompyuta za zamani hazitatulia hata kwa hilo. Kwa ajili ya hizo upo waya wenye vichwa viwili vya USB upande mmoja, ambapo kichwa kimoja hubeba data na umeme, na cha pili huongeza umeme tu kutoka tundu la jirani. Wenye viwango vya USB hawauridhii waya wa namna hiyo, lakini mafundi wanauuza, nami ninao, na nitaeleza mbele ulikonifaa. Njia iliyo safi zaidi ni kigawanyio cha USB chenye adapta yake ya ukutani, ambacho hulisha diski bila kuielemea kompyuta. Ubaya wake ni kwamba umeme wa nyumba ukikatika nacho hukatika, na faida yote ya kuwa na kompyuta yenye betri hupotea. Nashauri pia kwamba mtu anayekwenda dukani aibebe kompyuta yake. Muuzaji akikataa diski ijaribiwe kwenye kompyuta yako kabla ya kulipa, ondoka.

Nikirudi kwenye diski yenyewe, WD Elements ni kifaa kisicho na mbwembwe. Ni kasha la plastiki nyeusi lisilo na mng'ao mwingi, lenye taa moja ndogo na tundu bapa, pana, la aina ambayo haionekani kwenye simu yoyote ya sasa. Nililipa shilingi 170,000 kwa terabaiti 1, pamoja na risiti ya EFD ambayo nililazimika kuidai mara mbili. Hakuna programu ya kusakinisha, hakuna neno la siri la lazima, na ilikuja ikiwa imefomatiwa kwa NTFS, mpangilio wa mafaili wa Windows. Kompyuta iliionyesha kuwa na gigabaiti 931, jambo ambalo huwafanya wanunuzi wengi wadhani wameibiwa. Hawajaibiwa. Mtengenezaji huhesabu terabaiti kuwa baiti trilioni moja kamili, na Windows huzigawanya kwa 1,024 badala ya 1,000 katika kila hatua. Tofauti yote inatokana na hesabu hiyo.

Tundu lake bapa lina siri moja yenye manufaa. Ukilitazama vizuri utaona limegawanyika sehemu mbili, na ile sehemu pana zaidi inalingana kabisa na kichwa cha chaja ya simu za zamani za Android. Waya wa simu kama huo ukichomekwa hapo, diski hufanya kazi kwa kasi ya USB 2.0, ambayo kwa mwenye T420 ndiyo kasi pekee aliyo nayo. Siku waya halisi ulipobaki shuleni, niliokolewa na waya wa simu ya mke wangu. Chagua tu ulio mfupi na mnene, kwa sababu ile niliyoieleza.

Lina pia aibu moja ambayo mnunuzi anastahili kuijua. Katika diski nyingi ndogo za WD, tundu la USB limechomelewa kwenye ubao wa diski yenyewe. Ndani ya kasha hakuna kiunganishi cha kawaida cha SATA, kile ambacho diski za ndani za kompyuta hutumia. Maana yake ni kwamba tundu likivunjika, na matundu haya huvunjika kwa sababu watu huzibeba diski waya ukiwa bado umechomekwa, fundi hawezi kuitoa diski na kuihamishia kwenye kasha jingine kama ambavyo angefanya kwa diski ya kompyuta. Itabidi achomelee tundu jipya kwa mkono. Kama unaishi mbali na fundi mwenye mkono mwepesi, hilo si jambo dogo.

Kuna na suala la namna data inavyoandikwa. Diski nyingi ndogo za siku hizi huandika mistari ya data kwa kuilalisha mmoja juu ya sehemu ya mwingine, kama makuti yanavyolaliana juu ya paa. Nafasi hupatikana kwa wingi, lakini ukitaka kubadilisha kuti lililo chini huna budi kuyainua yaliyo juu yake, na diski ikifikia hapo huzubaa. Anayehariri video moja kwa moja kutoka diski ya nje atalalamika. Mimi ninayeitumia kuhifadhi mafaili makubwa ambayo nikishayaweka siyagusi sijaona tofauti, na nadhani USB 2.0 imechangia kuificha, kwa kuwa data hufika polepole kiasi kwamba diski hupata muda wa kujipanga.

Samsung T7 haina lolote kati ya matatizo hayo. Ni bamba la chuma lenye uzito wa gramu 58, halina kitu kinachozunguka, halitoi sauti, na likianguka kutoka mezani uwezekano wa kupona ni mkubwa mno kuliko wa diski ya sahani. Huja na nyaya mbili, mmoja wa tundu jipya la mviringo na mwingine wa tundu la kawaida, na kwenye T420 iliamka bila kusitasita, kwa sababu haina injini ya kusukuma. Ningekuwa mtu wa kusafiri kila wiki kwa basi na diski mfukoni, ningeinunua kwa ajili ya hilo tu. Kwa kuhifadhi kabatini, bei yake kwa kila gigabaiti hainiingii akilini.

Diski kubwa za inchi 3.5 nilizikataa dukani palepale. Zinahitaji adapta ya volti 12 ya ukutani, na umeme ukikatika katikati ya kunakili, kompyuta itaendelea kwa betri yake huku diski ikizimika ghafla. Anayemiliki UPS, yaani betri ya kushikilia umeme ukikatika, na anayetaka terabaiti 4 kwa bei nafuu aziangalie.

Njia iliyonipendeza kuliko zote ilitoka kwa fundi yuleyule wa diski yenye njaa. Aliniuliza kwa nini nahangaika kuongeza nafasi nje wakati ndani ya kompyuta mna diski ya zamani inayochelewesha kila kitu. T420, alisema, hufunguliwa kwa skrubu moja. Kifuniko cha ubavuni kinatoka, na diski inavutwa kama droo. Tukanunua SSD, yaani diski isiyo na kitu kinachozunguka kama ile T7, ya Kingston A400 yenye gigabaiti 480, ambayo niliilipia shilingi 110,000, tukaiweka ndani, kisha ile ya gigabaiti 320 tukaivika kasha tupu la inchi 2.5 la shilingi 20,000. Kwa shilingi 130,000, pungufu ya bei ya Elements, nikawa na kompyuta inayowaka kwa sekunde zisizofika 25 badala ya karibu dakika mbili, na diski ya nje juu yake.

Faida ya mpango huu kwa kompyuta ya zamani ni kwamba kasi unayoilipia unaitumia. SSD iliyo ndani haipiti USB kabisa. Inazungumza na kompyuta kupitia SATA, na SATA ya T420 ni ya gigabiti 6 kwa sekunde, ambayo inaitosha SSD ya namna hii. Fedha ambayo ingezama kwenye tundu la USB 2.0 inaonekana kila unapobonyeza kitufe cha kuwasha. Kasha nalo lina kiunganishi cha kawaida cha SATA ndani, hivyo likiharibika unanunua jingine na diski inaendelea.

Diski iliyotolewa, hata hivyo, haistahili kuaminiwa kabla ya kupimwa. Kwenye Windows ipo programu ya bure iitwayo CrystalDiskInfo, na kwenye Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta, ipo smartctl. Zote husoma kumbukumbu ambazo diski hujiwekea yenyewe kuhusu afya yake. Saa ilizofanya kazi ni habari ya kuvutia tu. Namba za kutazama kwa makini ni zile za sekta, yaani vipande vidogo vya diski vinavyobeba data, zilizokwisha kuhamishwa kwa sababu ya ubovu na za sekta zinazosubiri kuamuliwa. Yangu ilikuwa na saa zaidi ya 21,000, lakini namba hizo mbili zilikuwa sifuri. Kama ile ya pili ingekuwa inapanda kila ninapoitazama, ningeinakili haraka na kuiweka pembeni. Na hapa ndipo waya wa vichwa viwili ulipopata kazi, kwani diski hii huzunguka mara 7,200 kwa dakika, na kwenye tundu moja la T420 iliwahi kukataa kuamka mara tatu mfululizo. Kwa matundu mawili haijakataa.

T420 ina pia nafasi ya kadi za ExpressCard, na zipo kadi za kuongeza matundu ya USB 3.0 kupitia nafasi hiyo. Kwa anayeipata, kadi inaipandisha diski ya kuzunguka hadi kwenye mwendo wake halisi. Tatizo la umeme linabaki, ndiyo maana kadi nyingi zina kitundu kidogo cha kuchomeka umeme wa ziada, na baadhi hutokeza nje ya ubavu wa kompyuta zikisubiri kuvunjwa. Niliiulizia Kariakoo, wauzaji wawili hawakuijua, wa tatu alitaka kuniagizia, nami nikaona saa mbili za kusubiri kunakili si mateso makubwa kwa mtu mwenye madaftari ya kusahihisha.

Kuhusu kufomati, yaani kuichagulia diski mpangilio wa kuhifadhi mafaili, nitasema machache. FAT32 haipokei faili lolote linalofika gigabaiti 4, na video ya mahafali hukivuka kiwango hicho mapema. NTFS inafaa kwa Windows zote za karibuni, lakini kompyuta za Mac huisoma bila kuiandikia, na Linux huweza kuifungua kwa kusoma tu endapo Windows haikuiachia vizuri. exFAT, iliyotoka mwaka 2006, inapokewa na wote watatu: Windows 7 na kuendelea, Mac kuanzia toleo la 10.6.5, na Linux kwa ndani tangu kiini cha 5.4 cha mwaka 2019. Mimi nilichagua exFAT kwa sababu natumia Linux Mint na wenzangu shuleni wanatumia Windows. Ambaye bado ana Windows XP anahitaji kusakinisha nyongeza maalumu ili iisome exFAT, na asinunue diski inayozidi terabaiti 2, kwa kuwa mpangilio wa zamani wa sehemu za diski, ambao XP ya biti 32 ndio pekee inaouelewa, unaishia hapo.

Limebaki jambo ambalo nisingelitaja kama lisingekuwa limenigharimu. Kabla ya Elements, nilinunua katika duka moja kifaa kidogo kizuri cha chuma kilichoandikwa SSD ya terabaiti 16, kwa shilingi 65,000. Kompyuta ilikubali kwamba ni terabaiti 16. Mafaili yaliingia, majina yakaonekana, na picha zilizonakiliwa mwanzoni zilifunguka. Zilizofuata zilifunguka zikiwa kijivu, au hazikufunguka kabisa. Fundi alipokipasua tulikuta kibao kidogo na kadi ya kumbukumbu kama ya simu, iliyobandikwa kwa gundi. Kibao hicho kimepangwa kusema uongo kuhusu ukubwa. Nafasi halisi ikijaa, data mpya hutupwa au huandikwa juu ya ile ya zamani, huku kompyuta ikiamini kila kitu kimehifadhiwa. Ningetumia dakika moja kufikiri ningekumbuka kwamba hata Samsung, katika T5 EVO yake ya mwaka 2023, ilifika terabaiti 8 tu, na haikuiuza kwa bei ya viatu.

Tangu hapo kila diski mpya huipima kwa programu inayoijaza yote kisha kuisoma tena na kulinganisha: H2testw kwa Windows, f3 kwa Linux. Kwenye USB 2.0 kipimo hicho kinahitaji subira ya kweli. Kuijaza terabaiti 1 kwa megabaiti 34 kwa sekunde kulichukua zaidi ya saa nane, na kuisoma karibu vilevile. Niliianzisha Ijumaa jioni, umeme ukakatika kwa dakika arobaini usiku, na kwa kuwa Elements hula umeme wa kompyuta na kompyuta ina betri, kipimo hakikukatika. Ilifaulu hadi gigabaiti ya mwisho. Anayetaka uhakika wa ziada aingize pia namba ya utambulisho iliyo mgongoni mwa diski kwenye tovuti ya mtengenezaji, ambayo itamwambia kama dhamana yake ipo hai.

Sasa hivi SSD ipo ndani ya T420 na mafaili ya kazi za kila siku yapo humo. Elements hubeba nakala ya vyote; huchomekwa kila Jumamosi, hutolewa kwa kufuata amri ya kuiondoa salama, na hulala ndani ya kopo la plastiki pamoja na vile vifuko vya chembechembe vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, kwa kuwa hewa ya bahari ya hapa huotesha kutu hata kwenye pini za kufungia karatasi. Diski ya gigabaiti 320 ina picha za ukoo peke yake, nayo inakaa Muheza kwa dada yangu, kabatini, pamoja na waya wake wa vichwa viwili. Kila likizo huirudisha Tanga kwa siku moja, tunaiongezea harusi za msimu huo, kisha anaondoka nayo.